Chaki Chini ya Madgadi

Mama alinipa laki nne za mauzo ya mpunga ili ninunue matairi. Ilikuwa 2019, mwezi wa nane, barabara zimekauka. Matairi ya Altezza yangu yalikuwa vipara, na mama, ambaye hata baiskeli hajui kuendesha, aliyaona kabla yangu. "Baba, hayo yatatuua," alisema, akafungua fundo la kitenge chake.

Sikununua matairi aliyoyataka. Niliongeza laki tano zangu nikanunua seti ya rimu za inchi 18 zilizokwisha tumika, pamoja na matairi yake. Nilikuwa na hoja ya kujitetea: Katavi ni mkoa wa vumbi na makorongo, gari la chini linakwangua tumbo, na tairi kubwa hulinyanyua. Hoja hiyo si uongo. Ila ukweli mwingine ni kwamba rimu zile zilikuwa nyeusi, zenye ukingo wa fedha, na pale mtaani kwetu Makanyagio hakuna aliyekuwa nazo.

Hesabu ningeweza kuipiga kabla ya kulipa. Ubavuni mwa matairi ya zamani paliandikwa 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Kipenyo chake ni kama milimita 625. Mapya yalikuwa 225/45R18, na hayo yanafika 660. Gari lilipanda milimita 17 tu, hazifiki hata sentimita mbili, na kwa kiasi hicho hicho tairi likasogelea paa la madgadi. Hata mshale wa spidi ulianza kudanganya: ukisoma 50, gari linakwenda karibu 53, na trafiki hasomi mshale wako, wakati ule alikuwa anaandika 30,000.

Jambo lililoniponza zaidi haliandikwi kwenye tairi. Nyuma ya rimu kuna herufi ET na namba. Namba hiyo inaeleza sehemu ya rimu inayokaa kwenye habu iko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wake. Rimu za kiwandani zilikuwa za upana wa inchi 7, ET50. Zangu zilikuwa za inchi 8, ET35. Rimu ikipanuka na namba hiyo ikishuka, gurudumu linatokeza nje, na kwangu ukingo wa nje ulitokeza milimita 28. Kwa macho, huo ndio ulikuwa uzuri wenyewe, kwamba tairi limejaa hadi usawa wa bodi. Lakini ndani ya madgadi kuna ukingo wa bati uliokunjwa, mkali kama kifuniko cha kopo, na huuoni mpaka uiname.

Fundi aliyezifunga alizunguka nami mtaa mara mbili, akakata kona huku na huku. Hakuna kilichogusa. Nikampa elfu ishirini, tukapiga picha.

Siku tisa baadaye ikaja simu. Mjomba, kaka yake mama, amefariki Sumbawanga, mazishi kesho saa nane mchana.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Shemeji alikaa mbele. Nyuma walikaa mama, mama mdogo na dada, na kwenye buti kulikuwa na gunia la mchele, ndoo za mafuta na mablanketi. Mjini tulikwenda vizuri. Nje ya mji, gari liliposhuka kwenye bonde dogo, nikasikia krrr, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Nikapandisha sauti ya redio.

"Kuna kitu kinakwangua," mama akasema.

"Ni barabara, mama."

"Barabara ni ya lami."

Sikujibu. Tulivuka daraja la Sitalike, viboko wamelala kwenye maji ya Katuma kama mawe. Pale ndipo ningesimama. Wakati ule baada ya Sitalike lami iliisha, ukaingia hifadhini kwenye vumbi, na vioo tulifunga kwa sababu ya mbung'o. Kila shimo liliposhusha nyuma ya gari, sauti ilirudi. Sasa haikuwa ya sekunde moja, ilikuwa inavuta. Halafu tukaanza kunusa mpira unaoungua.

Hifadhini hatushuki, kila mtu wa Mpanda anajua. Nikashuka. Shemeji alisimama mlangoni akiangalia vichaka, mimi nikapiga magoti nyuma kushoto. Bega la tairi lilikuwa limechongwa duara zima, nyuzi zinaonekana. Mama alikuwa amekaa juu yake. La kulia lilikuwa linaelekea huko huko.

Kwenye buti nilikuwa na tairi moja la akiba, la inchi 17. Nilipolifunga, gurudumu la kushoto likawa dogo kuliko la kulia kwa milimita 35 hivi, na Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Difu inatengenezwa kwa ajili ya kona, ambako gurudumu moja huzunguka kuliko lingine. Ukiilazimisha kufanya hivyo hata kwenye njia iliyonyooka, unaichosha mpaka ichemke. Kwa mzigo ule tusingefika Sumbawanga. Niligeuza, tukarudi Sitalike kwa mwendo wa punda, na pale wakasubiri basi. Lilipita saa nne.

Walifika saa tisa na nusu. Dada ndiye aliyenipigia. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, alisema, na mama ameomba aachwe pale peke yake kidogo.

Mama alirudi baada ya wiki. Nilimsubiri aseme kuhusu laki nne. Alikunywa chai, akaulizia kuku, akaingia kulala. Asubuhi, akiwa anafagia, aliniambia bila kuinua kichwa: "Redio ulipandisha wewe."

Gari nililipeleka kwa fundi mwingine, mzee, nyuma ya stesheni ya reli. Nilimwamkia, akainama chini ya madgadi kwa tochi ya simu, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mlilijaribu mkiwa wangapi ndani?"

"Wawili, mzee. Mimi na fundi."

"Basi lilijaribiwa kwenda sokoni."

Alipaka chaki kwenye ukingo wa bati, pande zote mbili. Akaita vijana wake watatu wakae nyuma, akatupia magunia mawili ya mpunga kwenye buti, akaniambia nivuke reli taratibu, niende na kurudi. Tuliporudi, chaki ilikuwa imefutika urefu wa kiganja tu, karibu na kilele cha tao. Sehemu ndogo hivyo.

Nilimwomba akate kwa grainda, tumalize. Alikataa. Pale bati mbili zimeunganishwa, alisema, ukikata unafungua mshono, masika maji yanaingia na kutu inakula gari kimya kimya. Spesa za kunyanyua springi pia alizikataa. Alifungua magurudumu, akaipasha rangi joto kwa hewa ya moto ili isipasuke, kisha akaukunja ukingo kwenda juu kidogo kidogo, kwa bomba la chuma lililozungushiwa mpira wa tyubu na nyundo ya mpira. Ilichukua mchana mzima. Upande wa kulia rangi ilipasuka kidogo hata hivyo, akapaka ya kuzuia kutu. Matairi akaniagiza 225/40R18, yale ya kipenyo cha 637. Katika zile milimita 17 nilizojisifia, zilibaki sita.

Fedha ya matairi nilipata kwa kuuza redio pamoja na amplifaya yake. Kwenye dashibodi pakabaki shimo lenye nyaya.

Nilipotaka kulipa na kuondoka, mzee akasema bado. Alipaka chaki tena. "Kamlete aliyeisikia."

Mama alikuja na kitenge cha kanisani, kama anakwenda mahali. Alipanda nyuma kushoto bila kuambiwa. Wale vijana wawili wakajibana pembeni yake, wakamwamkia, magunia yakarudi kwenye buti. Tulivuka reli, tukashuka kwenye korongo, tukapanda, tukarudi. Mama alikuwa ameteremsha kioo, sikio liko nje.

Gereji, mzee aliinama na tochi. Chaki ilikuwa nyeupe yote. Vijana wakashuka. Mama hakushuka.

"Hapa ni mjini," akasema. "Twende Sitalike."

Nikawaambia vijana wapande tena.