Kosa Lilikuwa Limeandikwa Mbele Yangu

Zamani kompyuta ikigoma nilikuwa na dawa moja tu: kuifunga, kupanda pikipiki hadi Goma na kumkabidhi anayejua. Ushuhuda huu nautoa kwa wenzangu wa Masisi ambao bado wanalipa nauli hiyo.

Hapa Mubambiro, jirani na Sake, naandika katika Vim, programu ya kuhariri maandishi, orodha za wakulima na kilo za maharagwe wanazoleta. Programu-jalizi moja ya zamani ndiyo iliyojumlisha kilo hizo. Siku niliposasisha mfumo, ilinyamaza, na kila nilipofungua Vim ulinirukia ujumbe: E319, amri hii haipo katika toleo hili.

Yaya mmoja wa mtaani, aliyesomea informatiki, hakuigusa mashine. "Mdogo wangu, soma kwanza. Imekwisha kukuambia."

Kweli, juu ya ujumbe palikuwa na jina la faili na namba ya mstari. Tukafungua tena kwa vim --clean, yaani bila mipangilio yangu wala programu-jalizi za kuongeza, na ikafunguka salama. Kwa hiyo Vim yenyewe ilikuwa nzima. Tukaiuliza :echo has('python'), ikajibu 0. Kwa python3 ikajibu 1. Basi siri ikawa wazi: programu-jalizi iliandikwa kwa lugha ya Python 2, ambayo matunzo yake rasmi yalikoma tarehe 1 Januari 2020, na Vim mpya ilijengwa na Python 3 pekee. Katika faili lile amri ya python ikawa python3, na kila print ikapata mabano.

Yaya hakuridhika kuona kosa limetoweka. Alitaka tupige hesabu upya kwa daftari, kwa sababu 7/2 katika Python 2 ni 3, na katika Python 3 ni 3.5. Kwa mizani ya mkulima, nusu kilo ni haki ya mtu. Nadhani hilo ndilo somo kubwa alilonipa.

Tangu hapo sisubiri mtu. Maelezo yamo ndani ya Vim yenyewe, hata mtandao ukikatika. Amri :help if_pyth inaeleza mambo ya Python. Humo humo, kwa :help uganda, nilisoma kwamba Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea mwaka 1994 kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 la Januari 2024 liliwekwa wakfu kwake. Nilifurahi sana kujua kwamba chombo ninachotumia kila siku kimewakumbuka watoto wa jirani zetu.

Ndugu zangu wa Sake na Kirotshe, kabla ya kusasisha chochote, nakilini kando faili la .vimrc na folda ya .vim. Na kosa likitokea, someni jina la faili na namba ya mstari kabla ya kuita pikipiki.