Simu Yako, Mapokezi Yao

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na yaliyobaki kanisimulia mama yako. Kumbe meneja wa hoteli yenu aliandika usiku kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi kwamba mwezi huu ovataimu hailipwi, mtu akapiga skrinishoti, kufumba na kufumbua iko Instagram. Sasa mnaitwa ofisini mmoja mmoja, muweke simu mezani zikaguliwe. Unaniuliza, nimpe au nisimpe?

Usimpe. Ila kumnyima nako kuna namna yake. Usipandishe sauti, na usianze kufuta meseji, maana anayefuta huonekana anaficha. Mwambie tu: "Bosi, simu hii ni yangu na ina mambo ya nyumbani. Kama kuna tuhuma juu yangu, naomba niandikiwe." Kisha nyamaza. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inasema mtu hafukuzwi kwa sababu amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana mamlaka ya kisheria kumlazimisha afanye. Shika hapo.

Kompyuta ya mapokezi ni habari nyingine. Ile ni mali ya hoteli, na wana haki ya kujua inatumikaje. Nakujua: unafungua WhatsApp yako kwenye skrini ile ile ya kupokelea wageni ili usihangaike na simu, halafu unakwenda kunywa chai imebaki wazi. Acha kabisa. Hata hivyo, haki yao hiyo nayo ina mipaka. Kuna kesi ya mhandisi mmoja wa Romania, Bărbulescu. Mwajiri alimwambia afungue Yahoo Messenger ya kujibia wateja, kisha mwaka 2007 akamchungulia, akakuta anazungumza na ndugu yake na mchumba wake, akamfukuza. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa ushindi mfanyakazi, kwa kuwa haikuthibitika kwamba aliambiwa mapema kuwa mazungumzo yenyewe yangesomwa. Hukumu hiyo haiifungi mahakama yetu, lakini swali lake ni zuri, nawe liulize: tuliambiwa lini, na kwa maandishi gani, kwamba tunafuatiliwa?

Sasa hiyo ovataimu. Sheria ile ya ajira inasema saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na saa hizo zisizidi 50 katika wiki nne. Aliloandika meneja si siri ya biashara, ni deni. Kulizungumza na wenzako, kulipeleka kwenye chama cha wafanyakazi, CHODAWU, au kwa afisa kazi ni haki yenu, na kifungu kile kile cha 37 kinamlinda anayetoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa, pamoja na anayeshiriki shughuli halali za chama. Aliyekimbilia Instagram badala ya tawi la chama amewapa waajiri kisingizio. Hasira yake naielewa, ila kachagua mlango mbaya. Na wewe usiongeze neno chini ya posti ile. Ukiandika "hoteli hii ni wezi" na ukatakiwa uthibitishe, utajikuta unajibu chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na wala ovataimu yako haitakuwa imelipwa.

Nisiwe wa upande mmoja lakini. Miaka niliyokaa ofisi ya utumishi kiwandani, kabla ya simu hizi, waliotutia hasara walikuwa wale waliotoa nje habari za wateja, wala si waliodai haki zao. Kwako ni pasipoti. Mgeni anakukabidhi pasipoti uitoe kopi: jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu. Mwenzako akiipiga picha amcheke mgeni kwa jina lake la ajabu, akaiweka status kwa dakika tano, hapo mwajiri ana haki ya kuchukua hatua, tena hata mimi ningechukua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaibana hoteli kuhusu taarifa za mgeni, na hoteli haiwezi kujitetea kwamba ni utani wa mhudumu. Ndivyo ilivyo pia kwa mgeni mashuhuri: kwamba amelala chumba gani na amekuja na nani, hayo hayatoki mapokezi.

Sare nayo. Ukiwa umevaa sare yenye nembo na beji ya jina lako, ukajirekodi TikTok unaponda wateja, watazamaji wanaisikia hoteli ikisema. Ukiwa nyumbani na dera lako, unaongelea siasa au mpira, hayo hayamhusu meneja, hata akikufuatilia. Mradi usiwe unatukana wenzako kazini.

Nimesikia pia wamekupa uendeshe ukurasa wa hoteli wa Instagram. Ni heshima, lakini umeusajili kwa namba yako! Uhamishie kwenye namba na barua pepe ya hoteli wiki hii, ukabidhi neno la siri kwa maandishi, ubaki na nakala iliyosainiwa. Siku mkiachana hutaki kusikia kwamba umeiba ukurasa wao.

Turudi kwenye skrinishoti ile, maana naona kikao cha nidhamu kinakuja. Wewe umeshapita miezi sita kazini, kwa hiyo sheria ya kufukuzwa isivyo haki inakuhusu. Lazima wachunguze kwanza. Wakikuandikia tuhuma, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Una haki ya kuingia na mwenzako wa kazini au kiongozi wa chama. Mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na mkasa wenyewe, kwa hiyo meneja aliyeandika ujumbe ule asikae kiti hicho. Na kuthibitisha ni kazi yao. Si wewe wa kuthibitisha kwamba hukupiga skrinishoti.

Jambo la mwisho, na hili mama yako pia nimemwambia akukumbushe. Wanaweza kukuita pembeni, wakakwambia kwa sauti ya upole uandike barua ya kuacha kazi "ili usiharibu jina lako". Ukiandika, umejifukuza mwenyewe. Usisaini karatasi yoyote siku hiyo hiyo. Omba nakala uje nayo nyumbani. Na wakikufukuza, hesabu siku 30 kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1. Usizimalize kwa kulia. Nipigie siku ile ile.

Mjomba wako