Tunapopiga Magoti, Tunaomba Nini?

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliokulia kando ya Ziwa Viktoria tumeisikia tangu utotoni habari ya wale wavuvi wa Galilaya walioitwa na Yesu, nao wakaviacha vyombo vyao na nyavu zao wakamfuata. Mtu wa Dodoma au wa Iringa aweza kuisikiliza habari hiyo na kuipita kama masimulizi mazuri ya zamani. Mtu wa Kayenze, wa Igombe au wa Kirumba hawezi. Yeye anajua thamani ya wavu. Anajua kwamba mtumbwi wenye injini ni akiba ya miaka mingi, tena aghalabu si mali ya mvuvi bali ya tajiri anayemdai. Anajua kwamba kuziacha nyavu ufukoni pasipo mlinzi ni kuwagawia wezi. Ziwa la Galilaya lenyewe ni dogo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 166 tu, na ziwa letu lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 lingeweza kulimeza zaidi ya mara mia nne. Walakini mvuvi ni mvuvi popote alipo, na wavu ni wavu.

Nimeianza makala hii kwa habari hiyo kwa sababu siku hizi naisikia ikihubiriwa mjini Mwanza kichwa chini miguu juu. Kinachotiliwa mkazo si nyavu zilizoachwa, bali ule wingi wa samaki walionaswa kwa neno la Bwana hata nyavu zikataka kukatika. Msikilizaji anaambiwa kwamba huo ndio ujira wa imani: amini, toa, nawe utavua hivyo. Kisichosemwa ni kwamba kwa maelezo ya Luka mambo hayo mawili yalitokea siku moja. Wale watu hawakuacha kazi baada ya usiku wa kukosa. Waliacha asubuhi ile ile walipopata kuliko siku zote za maisha yao, samaki wakiwa bado wamelala chomboni. Kama samaki ndio waliokuwa ujira, basi walikuwa watu wa ajabu sana kuupokea ujira na kuuacha pale pale.

Naandika juu ya Wakristo kwa kuwa ndio ninaowafahamu kutoka ndani. Hapana shaka ndugu zetu Waislamu nao wana ya kwao ya kujisemea katika jambo hili, nami sitawasemea.

Si ajabu mahubiri ya namna hiyo yakapata masikio katika mji wetu. Mwanza ni mji ambao fedha imeupitia kwa mafuriko. Ilitangulia pamba, enzi ambazo wakulima wa Usukuma waliunda mwaka 1955 shirikisho la vyama vyao vya ushirika, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika nzima. Kisha akaja sangara, samaki ambaye hakuwa wa ziwa hili, aliyepandikizwa humo kuanzia miaka ya 1950. Aliwala furu wetu hata aina nyingi zikatoweka, na kufikia miaka ya 1990 minofu yake ilikuwa ikisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya huku wenyeji wakikaanga vichwa na mifupa. Ikafuata dhahabu ya Geita, ng'ambo ya ghuba. Kila mafuriko yalimwinua jirani fulani akajenga ghorofa, na kumwacha jirani mwingine pale pale alipokuwa. Aliyeachwa alijiuliza kwa nini. Akatokea mtu mwenye kipaza sauti akamwambia kwamba sababu ni imani haba na mkono mzito. Jibu hilo ni baya, lakini angalau ni jibu, na mtu aliyechoka hapendi kubaki na swali.

Nitakueleza lililotokea katika ukoo wetu, maana bila hilo haya yote yangekuwa maneno ya mezani.

Dada yangu anafanya kibarua katika kiwanda kimojawapo cha minofu ya samaki. Anasimama kwa saa nyingi ndani ya baridi, viatu vya mpira miguuni na kisu mkononi. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa injini za mitumbwi mwaloni. Ni mtu mwema. Halewi, hapigi mke, na usiku ukimwitia mvuvi aliyeharibikiwa, anaamka. Walikuwa wameweka kwenye kikoba shilingi 600,000 kwa ajili ya awamu ya kwanza ya ada ya binti yao wa kwanza, aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Siku walipogawana fedha za kikoba, dada alimkabidhi mumewe fungu hilo alipeleke benki. Hakulipeleka benki. Alilipeleka kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akifanya mkutano wa wiki nzima, aliyetangaza kwamba atakayepanda mbegu kabla ya Jumapili atavuna mara saba kabla ya mwaka kwisha. Shemeji alikuwa na ombi moja tu moyoni: injini yake mwenyewe, nguvu ya farasi kumi na tano, aikodishe kwa wavuvi, aache kutengeneza za wenzake.

Mwaka ulikwisha. Injini haikuja. Chuo kilifungua milango na kuifunga, na mpwa wangu akaketi sokoni akipima dagaa kwa kopo.

Tulikaa kikao, nami nikaitwa kwa kuwa ni mjomba wa binti. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa ukali. Shemeji akanitangulia kwa upole. "Shemeji," aliniuliza, "unasema Mungu hawezi?"

Swali hilo, ndugu msomaji, si la kijinga. Nilimjibu kwamba anaweza. Nikamwuliza nami: je, siku ile alipotoa fedha ile, alikuwa akimtafuta Mungu au alikuwa akiitafuta injini? Alikaa kimya kwa muda mrefu. Ndipo dada, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, akasema: "Mimi sikatai kumtolea Mungu. Ningeulizwa, huenda hata ningekubali. Lakini kilichotolewa ni miguu yangu, na kinachongojewa ni injini."

Toka siku ile naona kwamba tunalitazama vibaya jambo hili la roho na mali. Tumezoea kudhani kwamba anayetanguliza mali ni yule asiyekwenda kanisani: tajiri wa mwaloni anayehesabu mabondo ya sangara Jumapili asubuhi kengele zikilia, au mchimbaji anayeumalizia mshahara wote katika baa. Hao wanajulikana. Mgumu kumtambua ni yule aliyetanguliza mali akiwa amepiga magoti, ambaye Mungu kwake amekuwa njia ya kufikia injini. Akifunga, anafunga kwa ajili ya kiwanja. Akikesha, anakesha kwa ajili ya gari. Maneno yake yote ni ya roho, na mpangilio wake wote ni wa soko. Siku soko lisipojibu, ataambiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo, naye ataamini, kwa maana mfanyabiashara mwenye hasara hutafuta kosa katika mtaji.

Asije mtu akasema ninapinga sadaka. Pandeni kilima cha Bugando mtazame. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya maaskofu wa Kanisa Katoliki. Baadaye ikashikwa na serikali, na mwaka 1985 ikarudi katika usimamizi wa kanisa kwa makubaliano na serikali. Vitanda vile vilianza kwa sadaka, na aliyetoa sadaka hiyo hakuahidiwa kitanda mara saba. Alimpa mgonjwa asiyemjua. Hiyo naielewa.

Dada alipokuwa akisema pale kikaoni, nilimkumbuka mzee mmoja wa kisiwa cha Ukerewe, saa chache tu kwa meli kutoka bandari yetu. Wengine wenu mtakuwa mmesikia jina lake: Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akapelekwa misheni ya Kagunguli angali mtoto, akabatizwa mwaka 1907, kisha akasoma miaka mingi katika seminari ya Rubya huko Bukoba. Huko alijifunza Kilatini na Kijerumani, pamoja na falsafa na elimu ya dini. Katika zama zile mtu wa elimu kama hiyo aliweza kuhesabiwa kwa vidole kanda nzima ya ziwa. Kwa kipimo cha mahubiri ya leo, alipaswa kufa tajiri.

Hakuupokea upadri; alirudi, na mwaka 1919 akamwoa Anna. Watoto wao wakafa wachanga, mmoja baada ya mwingine, hata hakubaki hata mmoja. Wewe uliyekulia huku unajua maana yake. Mali ya kwanza ya mtu wa ziwa si ng'ombe wala mitumbwi, ni watoto. Mwanamume asiye na mtoto angeelekezwa na ukoo mzima kuoa mke mwingine, wala hakuna ambaye angemlaumu. Kitereza alikuwa ameweka ahadi ya ndoa ya Kikristo, akaishika. Alikaa na Anna yule yule hadi uzeeni, wote wawili wakiwa wameshikwa na maradhi ya viungo. Napenda kuliangalia jambo hilo bila haraka, kwa kuwa ni rahisi kulitaja na ni vigumu kuliishi: miaka mingi, asubuhi baada ya asubuhi, nyumba kimya.

Aliwahi kufanya kazi ya biashara hapa mjini Mwanza, kisha akarudi kisiwani kwenye misheni. Huko aliandika. Mwaka 1945 alikamilisha hadithi ndefu juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wapendanao wanaosumbuliwa na ndugu kwa kukosa mtoto. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache isiyo na soko, ili vijana wasije wakasahau maisha ya babu zao. Mswada ulikaa miaka 35 bila kuchapwa. Mwenyewe akautafsiri kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka kwa Tanzania Publishing House mwaka 1980. Aprili 1981 alifariki dunia kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Basi tumpime mzee huyu kwa ile hesabu ya mara saba. Alitoa nini, akavuna nini? Watoto hakuachiwa. Fedha hakupata. Hata kitabu chake hakukishika. Kwa hesabu hiyo mtu huyu alipata hasara tupu, na mhubiri wetu angelazimika kutafuta dhambi fulani iliyojificha katika maisha yake. Nami nasema kwamba hesabu ndiyo mbovu. Nikiulizwa ni nani katika pwani zote za ziwa hili aliyetanguliza kilichopasa kutangulia, nitamtaja yeye kabla ya kumtaja askofu yeyote.

Kutoka Ukerewe hadi Butiama si mbali kwa jicho la ndege, na sioni vema kumpita Mwalimu Nyerere katika maneno haya. Watu humkumbuka kwa siasa. Alikuwa pia Mkatoliki mwenye desturi ya kwenda Misa kila siku, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kuomba atangazwe mwenye heri. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikataa fedha isifanywe msingi wa maendeleo, likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Oktoba mwaka ule ule akatembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa Mwanza, zaidi ya kilomita mia mbili, kuliunga mkono. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo ya uongozi yalilegezwa. Sababu zilitolewa, na baadhi zilikuwa na uzito. Lakini miguu ile iliyotembea haikuwa ikitafuta mapangisho.

Wapo watakaoniambia kwamba ni rahisi kuhubiri umaskini kwa watu wasio na kitu. Ni kweli, tena ni aibu. Sihubiri umaskini. Ada ya chuo ni fedha, kodi ya nyumba ni fedha, na mtu anayesimama katika baridi ya kiwanda anastahili ujira unaotosha. Kumwambia aridhike kwa jina la Yesu wakati mwenye kiwanda haridhiki ni kumsaliti. Tena naona dada yangu, aliyetaka binti yake asome awauguze watu, alikuwa karibu zaidi na roho kuliko shemeji pale mkutanoni mikono juu, ingawa yeye alikuwa akisema habari za ada na mwenzake habari za mbinguni.

Binti ameanza chuo mwaka huu, kwa kuchelewa. Shemeji alifanya kazi za usiku kwa miezi mingi. Sisi wengine tukachanga kidogo. Nilikuwa nyumbani kwao mwisho wa mwezi uliopita. Baada ya chakula dada alizimwaga fedha juu ya meza. Akatenga ya kodi, akatenga ya ada, akatoa noti ya shilingi 5,000 akaitia katika bahasha ya kanisa, kisha akamsogezea mumewe meza aihesabu yote upya mbele ya watoto. Alihesabu. Ilikuwa sawasawa. Halafu dada akamwambia, "Baba, tuombee." Shemeji akavua kofia yake yenye madoa ya oili, akaomba. Aliwataja wagonjwa wawili wa mtaani na binti aliye chuoni. Ilikuwa sala fupi, na injini hakuitaja.