Siku Thelathini

Mama yangu mdogo, anayeuza unga hapa Mutoshi, alipoteza akiba yake ya pesa za simu kwa sababu mtu alimwita "mama" kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, kisha akamwomba namba ya siri. Nami, mwanafunzi wa isimu, sikuwa na la kumwambia. Nikajipa siku 30: kila usiku somo moja la usalama wa mitandao, umeme uwepo usiwepo.

Siku ya tano nilikutana na Al-Kindi, aliyeeleza huko Baghdad, katika karne ya 9, jinsi ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi. Nikahesabu nami. Kifaransa husalitiwa na herufi e. Kiswahili na a, iliyojaa katika wa-, ya-, ma- na mwishoni mwa vitenzi. Sarufi niliyokuwa nikiikariri kwa ajili ya mitihani ilikuwa ufunguo.

Lakini aliyemwibia mama hakufumbua chochote. Aliomba tu, kwa adabu na kwa haraka. Basi siku ya 30 nilikwenda kuketi naye sokoni, tukaigiza simu ile. Mara ya kwanza alianza kuitaja namba. Mara ya nne alikata.