Kabla ya Kuupa Ugonjwa Jina

Huku Tabata, penye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hapakosi shina la muhogo, mara nyingi kwa ajili ya kisamvu kuliko mizizi. Mimi huchuma majani yake yanayougua na kuyakausha katikati ya kurasa za gazeti, chini ya mbao na tofali. Ni kazi ya subira. Wakati wa masika gazeti lisipobadilishwa kila siku, ukungu huingia na kula ushahidi wenyewe. Na ndani ya mfuko wa plastiki jani hutoka jasho likaoza.

Lakini kilichonichukua muda mrefu kujifunza si kukausha, ni kuchagua. Jicho hukimbilia jani lililoharibika kuliko yote, kana kwamba ndilo lenye mengi ya kusema. Kumbe palipokwisha kufa huwa pamevamiwa na vijidudu vingine, vilivyokuja kula mabaki. Kwa magonjwa ya madoa, anayetafuta chanzo huchukua ukingoni, pale kijani kinapopakana na kahawia, na huweka kando jani la mmea mzima ili alinganishe. Nimeanza kujiuliza kama hata huzuni za watu huwa nazitazama pale zilipokwisha kuua, badala ya pale zinapoanza.

Halafu ipo lebo. Naiandika kwa penseli, maana wino huchuruzika: mahali, tarehe, mmea, sehemu ya mmea. Hapo hunijia hamu ya kuandika na jina la ugonjwa, nimalize. Ugonjwa wa batobato hujitangaza kwa mabaka ya njano na majani machanga yaliyojikunja. Michirizi ya kahawia, ambayo mtafiti H. H. Storey aliieleza mwaka 1936 akiwa Amani, Usambara, ni msiri zaidi. Njano yake hutambaa kando ya mishipa ya majani ya chini, mtu akadhani ni uzee tu, huku mzizi unaoza kimyakimya ardhini. Kwa hiyo siku hizi naandika nilichokiona, jina naliachia nafasi.

Nafasi hiyo hunikumbusha viazi vya Ireland, vilivyoozeshwa na ugonjwa hadi ikaja njaa kubwa. Majani yaliyougua miaka ya 1840 yalikaushwa na kutunzwa wakati wataalamu bado wanabishana. Mwaka 1846 mmoja wao, Miles Berkeley, alishikilia kwamba ukungu ndio chanzo. Wengi walisema ni matokeo tu ya kuoza. Mwaka 2013 watafiti walisoma vinasaba kutoka majani ya aina hiyo, wakaitambua mbari ya kimelea iliyoleta balaa lile. Ubishi ulikwisha zamani, majani yakawa bado yana la kusema.

Hata hivyo, jirani haishi kwa miaka mia. Virusi vya muhogo hubebwa na nzi weupe, na pia na pingili tunazogawiana kwa wema. Akija kuniomba mbegu, nimwambie nini? Nikisema shina linaugua, huenda nalisingizia. Nikinyamaza, huenda nampa ugonjwa kwa mkono wa ukarimu. Siku hizi namwomba tung'oe mzizi mmoja, tuukate, tutazame pamoja. Mzizi mmoja safi hautoi dhamana kwa shina zima, hilo nalo namwambia. Akiamua kuchukua au kuacha, anaamua kwa kile tulichokiona sote wawili, na pengine mwezi ujao nitakuwa na njia nyingine ya kumjibu.