Karakana ya Magari ya Farasi

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, nilizuru karakana ya ukoo wa Gruber, iliyojengwa mwaka 1882 kwa kuundia magari ya kukokotwa na farasi. Gurudumu ndilo lililonishughulisha. Bangili yake ya chuma hufanywa ndogo kuliko duara la mbao. Hutiwa motoni ikatanuka, ikavishwa, kisha ikamwagiwa maji. Hapo husinyaa, ikaviminya viungo vyote. Subhanallah!

Lilipojengwa bwawa la Blue Marsh, karakana ilihamishwa, 1976 hadi 1977, pamoja na zana zake. Zana hasa! Jengo tupu lingetufunza nini? Nilimkumbuka marehemu jirani yangu, fundi wa milango: keekee na patasi zake wanawe waliziuza kwa kilo, vyuma chakavu.