Picha Moja Haitoshi

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukateremka mpaka katikati ya mji wetu wa Goma, ukaishia ziwani Kivu. Siku zile tulikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Tulikimbilia Gisenyi pamoja na maelfu ya watu. Mama alibeba godoro na sufuria, baba akatushika mkono. Hakuna aliyekumbuka picha ya arusi yao iliyotundikwa ukutani.

Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi, nalo lilikuwa bado lafuka moshi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu nalo lilikuwa limeteketea. Mama hakulilia vitanda wala vyombo. Aliililia picha ile, kwa maana ndani yake alisimama marehemu baba yake, na sura yake haikuwa mahali pengine popote katika nyumba yetu.

Baba alimwendea mpiga picha aliyewapiga siku ya arusi. Alimkuta mzee huyo ameketi juu ya jiwe, pale ilipokuwa studio yake. Mzee akamwambia: “Mwana wangu, filamu zako zilikuwa pamoja na zangu, na zangu ziko hapa chini.”

Miaka mingi baadaye, mwanafunzi wetu mmoja alituuliza: “Mwalimu, wapiga picha wa zamani walifanyaje kazi bila umeme?” Ilitubidi kusoma ili tumjibu. Huku kwetu hapakuwa na studio katika karne ya 19. Mjerumani Götzen alipofika penye Nyiragongo mwaka 1894, mji wa Goma ulikuwa haujazaliwa. Basi tuligeuza macho pwani, kwenye mji wa Unguja. Huko alifanya kazi Mgoa aitwaye A. C. Gomes, ambaye yasemekana alianza mwaka 1868. Na baadaye akawapo mwingine, J. B. Coutinho.

Kazi yao ilikuwa ya jasho. Umeme wao ulikuwa jua. Katika njia iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, mpiga picha alimwaga dawa ya kunata, iitwayo kolodioni, juu ya kioo safi, akakitumbukiza kioo gizani katika maji yenye chumvi ya fedha, akakitia ndani ya kamera kingali kimaji. Mteja aliketi kimya, pengine shingo yake imeegemezwa chuma kisichoonekana, asije akatikisika. Kisha mpiga picha alikimbia tena gizani kusafisha picha, kwa maana dawa ikikauka kioo kimeharibika, na katika joto hukauka upesi. Dawa ile ya fedha ilimwachia vidole vyeusi. Afueni ilikuja baadaye, viwanda vya Ulaya vilipoanza kuuza vioo vikavu vilivyokwisha pakwa dawa.

Lakini neno lililotugusa moyo halikuwa jasho lao, bali faida ya kioo kile. Picha ya kwanza ya Daguerre, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1839, ilikuwa moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Likipotea bamba, sura imepotea. Kioo cha Archer kilikuwa kama mama mwenye watoto wengi: kiliwekwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai, kikaanikwa juani, na kila karatasi ikatoa nakala. Mwaka 1854 Disdéri wa Paris aliandikisha njia ya kupiga picha ndogo kadhaa juu ya kioo kimoja. Zilibandikwa juu ya kadi ndogo zinazoenea kiganjani. Watu hawakuzinunua ili wazifungie sandukuni. Walizinunua wawape ndugu na rafiki. Studio za zama zile zilipata riziki kwa desturi hiyo ya kugawa.

Hapo tulikumbuka jinsi picha ya mama ilivyopona.

Miezi kadhaa baada ya moto, ilifika bahasha kutoka Bukavu, kwa shangazi yetu. Ndani yake mlikuwa na picha ya arusi, ndogo, imekunjika pembe moja. Shangazi alikuwa ameiomba siku nyingi nyuma, na baba alikuwa amenung'unika kulipia nakala ya pili, akisema ni fedha ya bure. Mama aliitazama, akamwona baba yake amesimama nyuma ya bibi arusi, kofia mkononi. Akaiweka kifuani, asiseme neno. Baba naye hakusema neno. Lakini kesho yake aliipeleka kwa mpiga picha, akaagiza nakala nne.

Mlima haukulala. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka tena, nasi tukakimbia tena usiku, safari hii tukiwa na watoto wetu. Siku hizi kila mtu hubeba picha elfu katika simu yake, akajiona tajiri. Lakini simu yaweza kuibwa, yaweza kuanguka ziwani, na picha hizo elfu zinapotea kwa mara moja. Tumerudi kwenye bamba la Daguerre pasipo kujua.

Kwa hiyo, baba na mama mnaosoma, chagueni picha chache za ubatizo, za arusi, za wazee wenu. Zisafishwe juu ya karatasi. Andikeni nyuma majina na mwaka, kisha mpeni shangazi wa mbali, mpeni na mjomba. Mtumishi yule wa Injili alidhani anaitunza talanta alipoifukia. Sisi tuliipata sura ya babu yetu kwa sababu moja tu: palikuwa na mtu aliyeiomba, na baba, ingawa kwa manung'uniko, alitoa.